Warumi Hawakufika Fizi

Ukikosa chaki, chukua muhogo mkavu. Chagua kipande kisicho na nyuzi, kichonge ncha kwa kisu, na kitaandika vizuri tu. Ila usikiache mezani ukatoka. Mimi nilikiacha nikaenda kuitikia mwito wa prefe, mkuu wetu wa shule, na niliporudi nikakuta meza tupu na mwanafunzi mmoja anatafuna. Nilimuuliza anatafuna nini. Akasimama, akameza kwanza, akajibu kwa adabu zote kwamba ni chaki.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi waalimu vijana mnaonipitia hapa Baraka huwa mnaniuliza mambo makubwa makubwa, mbinu za ufundishaji na saikolojia ya mtoto, na mimi majibu yangu yote ni ya namna hii ya muhogo. Nilifundisha historia na Kilatini kule juu Fizi mpaka meno yakaanza kuniaga. Ubao wetu tuliupaka wenyewe. Unavunja betri kuukuu za redio, unatoa ule mkaa wa ndani, unauponda pamoja na majani ya matembele, unapaka, unaacha ukauke, halafu unapaka tena. Ukipaka mara moja tu ubao unakuwa na mabaka kama mbuzi, na wanafunzi wanasoma nusu ya neno. Na vaa nguo ya zamani. Mke wangu alikuwa hanifungulii mlango nikiwa na shati la ubao.

Kilatini nacho kilikuwa na taabu yake. Baba mmoja mvuvi alipanda kutoka Swima, safari ndefu hiyo, ili aniulize mtoto wake atakuja kusema Kilatini na nani. Nilimwambia ukweli, kwamba siku hizi hakuna mtu anayekisema. Alinitazama kwa huruma sana. Alipoondoka aliniachia furushi la ndagaa, nadhani aliona mwenye shida ni mimi.

Na siku niliyoanza somo la Wagiriki wa kale, mkono ukainuka nyuma kabla sijamaliza kuandika kichwa cha somo. Alikuwa mtoto wa hapa hapa Baraka. Alisema Wagiriki anawajua, duka lao liko karibu na ziwa, paa limeanguka na mbuzi wanalala ndani. Darasa zima likakubali. Kweli wakati wa mkoloni kulikuwa na wachuuzi Wagiriki katika mwambao huu, wakiuza nguo na chumvi, na kuta za maduka yao nyingine bado zilikuwa zimesimama. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza mahekalu. Nilicheka, nikafuta ubao, nikaanzia kwenye lile duka la mbuzi.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Mzee Asende, mwalimu aliyenitangulia pale shuleni. Alikuwa na desturi ya kuja kukaa nyuma ya darasa lako, anafunga macho kama amelala, na somo likiisha anafungua macho na kukwambia ulipoharibu. Siku moja nilikuwa nimechora teatri ya Warumi, ile nusu duara ya viti vya mawe vinavyopanda mlimani, safu juu ya safu, na watu chini wanaigiza. Kitabu hatukuwa nacho. Nilichora kwa kumbukumbu, nikajipongeza moyoni. Mzee Asende akaniambia kwamba wanafunzi wangu wameona chane ya ndizi, na ndizi zenyewe hazijakomaa.

"We unabapa maneno tu," alisema. "Ubape kitu ya kubeba."

Nililala na neno hilo, kwamba niwape kitu cha kubeba. Nyuma ya shule kulikuwa na mteremko wenye majani marefu, hakuna aliyeutumia. Nikaamua tujenge teatri pale, ndogo, ya kukaa darasa moja. Nikawaambia kila mwanafunzi alete jiwe moja kutoka kwao, bapa kiasi cha kukalia. Kutoka kwao, nilisisitiza, si la kuokota njiani. Nilitaka kila mtu awe na kiti chake mwenyewe. Wa Swima walileta mawe ya ziwa, laini yaliyosuguliwa na maji. Wa Ubwari walivusha ya kwao kwa boti, na mwenye boti akataka kujua kama siku hizi shuleni tunapika mawe.

Kuchora nusu duara kubwa ni kazi rahisi ukiijua. Unapiga kigingi chini, mahali atakaposimama msemaji, unafunga kamba, na ncha ya kamba unaifunga kwenye mpini wa jembe. Unatembea kamba ikiwa imekazwa na jembe linakwaruza ardhi. Safu inayofuata unarefusha kamba. Mimi kamba yangu ilikuwa ya mbuzi wa jirani, na mbuzi alitumia nafasi hiyo kumaliza maharagwe ya watu. Kisha unakata mteremko kama ngazi na kuzuia udongo kwa mawe. Kosa langu lilikuwa upepo. Sikuuliza upepo wa mchana unatoka wapi, nikaweka msemaji upande unaokula sauti. Ilibidi tung'oe kila kitu na kugeuza. Wanafunzi walinitukana kwa Kilatini, wakidhani sisikii, na kwa kweli siku hiyo hawakukosea hata neno moja.

Tulipomaliza, ukisimama pale kwenye kigingi na kusema kwa sauti ya kawaida, mtu wa safu ya juu anakusikia. Shikeni hilo hata kama darasa lenu ni la matofali: usipige kelele, geuza uso kwa watu na uache sauti ipande yenyewe. Nimewaona baadhi yenu mnafundisha kana kwamba mnafukuza nyani shambani.

Somo la kwanza tulilofanya wamekaa kwenye mawe yao lilikuwa la magofu yasiyojulikana sana. Kila mtu amesikia habari za Roma na Athene, nikaona niwape nyingine. Niliwaambia juu ya mji wa Wagiriki uliozikwa kule Afganistani, kando ya mto, na teatri yake ndani, mbali na kwao kiasi kwamba unajiuliza walimkimbia nani. Niliwaambia kuna nyumba ndogo ya ibada huko Sudani, mahali panapoitwa Naga, Warumi hawakupatawala kamwe, lakini aliyeijenga alikuwa ameona nguzo na matao yao akayapenda. Kuna mji mkubwa wa Ulaya ambako kipande cha jengo la Warumi kilikuwa chini ya chumba cha kinyozi. Mteja ananyolewa, na Warumi wako chini ya miguu yake. Halafu nikafika Timgad, Aljeria, mji uliofunikwa na mchanga karne nyingi, barabara zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Uwanjani pale mtu fulani alikwaruza maneno kwenye jiwe: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, hayo ndiyo kuishi.

Katika safu ya tatu alikaa msichana anaitwa Riziki. Akicheka alikuwa anashika tumbo na kuinama mpaka magotini. Aliuliza kwa nini hawakuandika kulima. Nilimjibu kwamba aliyeandika hayo bila shaka alikuwa na mtu wa kumlimia. Riziki akacheka, wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka, na somo likanitoka mikononi. Nililimaliza kwa maneno niliyokuwa nayarudia kila mwaka. Niliwaambia magofu yako hata mahali usipoyatarajia, kwa hiyo ukitembea uwe unaangalia chini.

Hayo maneno mtayaona tena mbele.

Halafu vita ilitupandia. Sitaisimulia, waliokuwepo wanaijua na ninyi wengine mbaki hivyo hivyo. Tulivuka ziwa tukaishi kambini upande wa Tanzania. Kule nilifundisha chini ya turubai, na baadhi ya wanafunzi wangu walikuwepo. Riziki alikuwepo, na mama yake. Homa ilimchukua Riziki mvua za kwanza tu. Tulimzika kule.

Tuliporudi Fizi, shule haikuwa na paa, na madawati yalikuwa yamegeuka kuni. Mama Riziki alikuwa ametangulia kurudi. Nikamkuta analima ule mteremko wa nyuma ya shule. Alikuwa amefyeka kichaka chote, mihogo ameipanda kwenye zile ngazi zetu, karanga katikati, na mawe ameyaacha kila moja mahali pake. Nilimuuliza kwa nini ajitese na mlima ilhali kule chini kwenye kijito chefu, mtawala wetu wa eneo, alikuwa akigawa udongo laini, tambarare. Alinijibu kwamba ngazi zinashika udongo, mvua haiubebi. Ni kweli, zinashika. Nikaridhika na jibu hilo kwa miaka.

Shule ilijengwa upya, nikafundisha tena mpaka nikapumzishwa. Mwaka huo ndipo alipokuja Wilondja. Huyu alikuwa mdogo wake na mwanafunzi wangu mmoja wa zile siku za mawe, yule mtoto wa mvuvi wa Swima. Mwenyewe hakusoma sana, alikwenda mapema kuchimba dhahabu Misisi. Alikuja na wenzake, wana sururu na fito za chuma. Alikuwa amepita karibu na shamba la Mama Riziki akaona mawe ya ziwa, huku juu mlimani, yamepangwa nusu duara. Na akakumbuka kwamba kaka yake alimsimulia utotoni jinsi Mwalimu alivyosema Warumi waliacha magofu hata mahali usipoyatarajia, na ukitembea uangalie chini.

Basi aliangalia chini.

Habari ilienea Fizi kuliko homa. Warumi walipita hapa, na watu wakubwa kama wale hawapiti bila kuficha dhahabu. Mmoja akaongeza kwamba ramani iko Roma kwa mapadri. Watu walitoka hata Lusenda kuja kutazama muhogo wa Mama Riziki. Chefu wetu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watu wengi wenye njaa wanaomtazama usoni. Aliita mkutano pale pale mlimani. Alisema kama ni mali ya watu wa kale basi ni mali ya wote, siku ya soko ikipita wachimbaji wataanza, na mama atapewa sehemu nyingine. Mihogo yake ilikuwa bado michanga. Ukiing'oa wakati ule unapata nyuzi, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kula mwaka ule.

Nikasimama. Nilidhani ni jambo la dakika. Nilisema hakuna Warumi, teatri hii niliijenga mimi na wanafunzi wangu, na nusu duara yenyewe niliichora kwa kamba ya mbuzi. Watu wakacheka. Nikasikia nyuma mtu anasema mzee anataka dhahabu ya peke yake, ndiyo maana alikuwa anafundisha habari hizo kila mwaka. Nikawaonyesha mawe ya Swima. Nikauliza ni Mrumi gani atatoka Roma aende Swima kuchagua mawe halafu ayapandishe huku.

Wilondja alifikiri kwanza. Halafu akanijibu kwa heshima.

"Mwalimu, lakini we mwenyewe ulifundishaka ile bakubwa ya Roma balikuwa nabebesha batu mawe ya mbali. Kaka alinielezea."

Ingekuwa mtihani ningempa alama zote. Chefu akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimepigwa na somo langu mwenyewe, mbele ya watu wote. Wilondja akaongeza, kama anayeniomba radhi, kwamba yeye si mwizi, ana watoto, na kule Misisi mashimo yamejaa maji. Niliona anasema kweli, na hilo likanivunja nguvu zaidi. Nilimtazama Mama Riziki nikaogopa.

Yeye alikuwa pembeni na jembe lake. Akaweka jembe chini. Akapanda mpaka safu ya tatu, akapiga magoti, akafungua majani ya muhogo kwa mikono miwili, na kwa pindo la kitenge akapangusa udongo juu ya jiwe moja.

"Mukuye muone," alisema.

Wanawake ndio waliofika kwanza, na ndio walioelewa kwanza. Jiwe lilikuwa na shimo katikati, jembamba na refu, laini kabisa. Shimo la namna ile halichimbwi kwa chombo. Linatokana na mikono ya mwanamke asubuhi na jioni, miaka na miaka.

"Hii ni jiwe yangu ya kusagia," Mama Riziki alisema. "Ilikuwa ya mama yangu. Mwalimu alisema kila mutoto alete jiwe ya kwabo. Sisi kwetu ni udongo tu, mawe hakuna. Mi nilikuwa ku soko, Riziki akabeba hii. Nilimugombeza sana. Nikakuwa naenda kusaga karanga kwa jirani."

Chefu alimuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini tangu arudi kutoka ng'ambo hajalichukua jiwe lake akaenda nalo nyumbani.

"Nikiipeleka ku nyumba, itakuwa tena jiwe ya kusaga," alisema. "Hapa iko kiti yake."

Mimi sikuwa nimejua. Miaka yote ile nilipita pale nikisifu ngazi zinavyoshika udongo. Nililia mbele ya chefu na mbele ya watu niliowafundisha kusoma, na sikuona haya.

Wilondja alikuwa ameshika ufito wake wa chuma bila kujua auweke wapi. Akaniuliza kama na jiwe la kaka yake liko humo. Nilimwambia lazima liko, ila silikumbuki ni lipi. Akatoa simu akampigia kaka yake, ambaye siku hizi anaishi nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari. Kule kulikuwa bado alfajiri, lakini tulipomwambia tumesimama wapi usingizi ulimtoka wote. Alisema safu ya pili, mwisho wa kushoto, jiwe la ziwa lenye mstari mweupe, na kwamba lilimwangukia kidole cha mguu na kidole mpaka leo hakijanyooka. Wilondja akaenda kufunua majani ya karanga. Akalipata. Akalipangusa kwa kiganja, akalikalia, na simu bado iko sikioni, wakaongea Kibembe mambo yao ya nyumbani.

Alipoinuka aliwaambia wenzake wabebe vyombo. Chefu akatangaza kwamba shamba ni la Mama Riziki na asiliguse mtu. Watu wakateremka wakibishana, maana wapo waliotaka sana wale Warumi.

Ninyi leo mna simu, mnaweza kumwonyesha mtoto picha ya Timgad yote kabla hajapiga chafya. Ni vizuri, onyesheni. Wivu ninao, siufichi. Ila mkishaonyesha, mpeni na kitu cha kubeba.

Basi watu wakaisha pale mlimani, nikabaki mimi na Mama Riziki. Nilitaka kumsaidia kurudisha majani yaliyokanyagwa. Yeye akaenda akakaa kwenye lile jiwe, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyefika kwa wakati.

"Mwalimu, fundisha."

Nilimuuliza nifundishe nini.

"Ile ulibafundisha siku balileta mawe."

Hakuwahi kukaa darasani maisha yake yote. Nikateremka mpaka chini, pale kilipokuwa kigingi, nikageuza uso kwake. Nikaanza na Afganistani, nikapita Sudani, nikampitisha kwa kinyozi, akatabasamu. Nikafika kwenye mchanga wa Timgad na barabara zilizonyooka. Sauti yangu imechoka siku hizi, lakini sikuhitaji kuipandisha, ilipanda yenyewe. Yale maneno ya kwenye jiwe niliyasema kwa Kilatini kwanza, kama nilivyozoea, kisha kwa Kiswahili. Akaniomba niyarudie polepole. Nikayarudia. Alikuwa anayashika moja moja kwa vidole.

"Kuoga, alioga. Ku mto kila siku, mupaka namuita. Kucheza, usiseme. Kucheka, we mwenyewe ulimusikia."

Kidole kimoja kilikuwa kimebaki, akakitazama.

"Kuwinda," alisema. "Aliwindaka panzi tu. Mwalimu, panzi inahesabiwa?"

Nikamwambia inahesabiwa.